Nani Anapoteza Chumvi Ruaha Mbuyuni?

Ukishuka Mlima Kitonga ukitokea Iringa, joto linakupokea kabla hujafika bondeni. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ruaha Mbuyuni, iliyo Wilaya ya Kilolo kando ya Mto Ruaha Mkuu, iko karibu mita elfu moja chini yake. Mabasi ya Mbeya, Njombe na Tunduma husimama hapa abiria wale. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupumzika kabla ya kuukabili mlima. Nyuma ya vibanda vya barabarani, kuelekea mtoni, kuna mashamba ya vitunguu na nyanya yanayonyweshewa kwa mifereji, na mibuyu imesimama katikati yake.

Watu wawili wanaopishana kwenye barabara hiyo hupewa ushauri uleule wa afya: punguza chumvi, kunywa maji mengi. Mmoja ni dereva wa lori mwenye miaka hamsini na kitu, ana presha, na hukaa kwenye usukani saa kumi kwa siku. Mwingine ni kijana aliyeshuka juzi kutoka vijiji vya baridi vya Kilolo kutafuta kibarua cha kung'oa vitunguu. Ushauri huo unamfaa dereva. Kijana akiufuata kama ulivyo, unaweza kumlaza kitandani. Na kuna mtu wa tatu ambaye ushauri huo haumgusi kabisa: mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayehara tangu alfajiri, mama yake akiwa hajaamua ampe maji, soda au ampeleke zahanati.

Nimefanya kazi ya lishe kwa muda wa kutosha kuona jinsi chumvi inavyozungumzwa kwa hukumu mbili tu, ama ni sumu ama ni dawa. Hukumu zote mbili zinaruka swali linalopaswa kuja kwanza: nani anapoteza, anapoteza kwa kasi gani, na anarudishiwa nini. Katika bonde hili dogo majibu matatu tofauti yanaishi umbali wa kutupa jiwe, ndiyo maana nimelichagua.

Tuanze na mwili wenyewe. Elektrolaiti ni madini ambayo yakiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu, potasiamu, kloraidi, kalsiamu, magnesiamu, fosfeti, bikaboneti. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, potasiamu ndani. Katika damu ya mtu mwenye afya sodiamu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na potasiamu 3.5 hadi 5 tu. Ndani ya seli mambo hugeuka: potasiamu hufika 140 hivi, na sodiamu hushuka hadi kumi na kidogo. Tofauti hiyo hulindwa na pampu ndogo zilizo kwenye utando wa seli, kila moja ikitoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza pampu hiyo mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Neva kupeleka ujumbe, msuli kujikunja, moyo kupiga kwa mpangilio, vyote vinategemea tofauti hiyo. Ikivurugika sana, moyo husimama.

Kanuni ya pili mama lishe yeyote wa Ruaha Mbuyuni anaijua kwa mikono yake. Akikata vitunguu vya kachumbari huvinyunyizia chumvi, huviacha kidogo, kisha huvifikicha na kumwaga maji makali yaliyotoka. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani ya kitunguu. Mwilini ni vivyo hivyo, maji hufuata chumvi. Sodiamu ikizidi kwenye damu, maji hutoka kwenye seli nazo husinyaa. Ikipungua mno, maji huingia ndani ya seli na kuzivimbisha, na seli za ubongo zilizofungwa ndani ya fuvu hazina pa kuvimbia.

Sasa turudi kwa kijana wa Kilolo. Mtu anayefanya kazi nzito juani hutoa jasho kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa. Kiasi cha sodiamu kwenye jasho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini gramu moja kwa lita ni makadirio yanayokubalika. Piga hesabu ya saa tano kwa lita moja kila saa. Amepoteza sodiamu gramu tano, sawa na gramu 12 na zaidi za chumvi ya mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kijana huyu amepoteza zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho kabla ya chakula cha mchana.

Mzaliwa wa bondeni hapotezi hivyo, na hapa ndipo jiografia ya Nyanda za Juu Kusini inapoingia kwenye fiziolojia. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo homoni iitwayo aldosteroni huongezeka na kuzifanya tezi za jasho zirudishe sodiamu mwilini kabla jasho halijafika juu ya ngozi. Jasho huanza mapema zaidi na huwa jingi zaidi, lakini chumvi yake hupungua. Kwa hiyo mwenyeji wa Mbuyuni na mgeni aliyetoka milima ya Kilolo, Mufindi au Njombe wanaweza kushika mstari mmoja wa vitunguu, wakanywa maji sawasawa, na jioni mwenyeji akatembea kwenda nyumbani wakati mgeni miguu imekakamaa, kichwa kinamgonga na tumbo halipokei kitu. Wenzake watasema vijana wa mlimani ni wavivu. Ukweli ni kwamba mwili wake bado haujajifunza kubana chumvi, na akiwa analipwa kwa kipande ndiyo kwanza atajikaza zaidi katika wiki ambayo anapaswa kwenda polepole.

Hatari ya kufidia jasho jingi kwa maji matupu imejulikana kwa miaka mia moja sasa. Mwaka 1923 mtaalamu wa migodi wa Uingereza, K. Neville Moss, aliandika kuhusu wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi kwenye joto, wakanywa maji kwa wingi na kupatwa na mkakamao mkali wa misuli, na akaonyesha kwamba chumvi kidogo kwenye kinywaji iliwapa nafuu. Funzo hilo lilisahauliwa na watu wenye vifaa vyote vya kisasa. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kiwango. Mwanamke mmoja alikufa katika mbio hizo kwa sababu hiyo. Dalili iliyojitokeza zaidi kwa wenye tatizo ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa kukimbia, yaani walikunywa zaidi ya walichopoteza.

Je, nimwambie kijana ameze vidonge vya chumvi? Hapana. Vidonge huchokoza tumbo, na bila maji ya kutosha huzidisha tatizo. Ninachosema ni kwamba mtu huyu asinyimwe chumvi ya kawaida kwenye chakula, na asiende shambani na chai ya rangi tupu tumboni. Uji wenye chumvi kidogo asubuhi, kisha mchana ugali na dagaa au maharage yaliyoungwa kwa nyanya na vitunguu, vinarudisha sehemu kubwa ya kilichotoka. Maji anywe kwa kiu, kidogo kidogo, siku nzima. Mkojo mweusi kama chai ya rangi ni ishara kwamba amechelewa. Akianza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, watu wasimlazimishe kunywa maji zaidi wakidhani wanamsaidia. Awekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe kituo cha afya haraka. Kuchanganyikiwa juani ni dharura, iwe chanzo ni joto lenyewe au ni sodiamu iliyoshuka.

Kuna sababu nyingine ya wenye mashamba kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika mashamba ya miwa ya El Salvador na Nicaragua maelfu ya vibarua, wengi wao wanaume vijana wasio na kisukari wala presha, wamepoteza figo zao. Chanzo bado kinachunguzwa, lakini kazi nzito kwenye joto bila maji, kivuli na mapumziko ya kutosha ni mtuhumiwa mkuu. Bonde la Ruaha lina jua la kutosha na vibarua wa kutosha. Tusingoje tuanze kuhesabu wagonjwa wa figo.

Kwa mtoto anayehara, kasi ya upotevu ni ya namna nyingine kabisa. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima lita nzima ya maji kwa saa, na maji hayo yamejaa sodiamu, kloraidi, potasiamu na bikaboneti. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya bara ukadumu kwa zaidi ya miaka miwili. Lakini hata bila kipindupindu, mahali ambapo mfereji mmoja unanywesha kitunguu, unaogesha watoto na kufulia nguo, kuhara ni ugeni wa kila msimu.

Dawa yake, ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, ni mojawapo ya uvumbuzi mzuri kuliko wote wa karne iliyopita, na inauzwa kwa bei ndogo kwenye duka la dawa muhimu lolote la barabarani. Mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi jijini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo sukari na sodiamu huingia kwa mlango mmoja, zikiwa zimeshikana. Mlango huo hubaki wazi hata vijidudu vya kipindupindu vinapokuwa vimeharibu njia nyingine. Sodiamu ikiingia na sukari, maji yanafuata. Mwaka 1968 madaktari vijana David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa tu. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Bangladesh. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mpakani mwa India, dripu zikiwa zimemwishia na wagonjwa wamelala sakafuni. Akaamua kuchanganya chumvi, sukari na maji kwenye mapipa, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa asilimia 30 hivi vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba huenda huo ndio uvumbuzi muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Pakiti ya ORS ya leo inafuata fomula iliyorekebishwa mwaka 2002: kwa lita moja ya maji, chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloraidi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Ndani yake sodiamu ni milimoli 75 na glukosi 75, sawa kwa sawa, kwa sababu ya ule mlango wa Crane. Fomula ya kwanza ilikuwa na sodiamu 90. Chumvi na sukari zilipopunguzwa, kutapika kulipungua na watoto waliohitaji dripu wakapungua pia. Hapo tuone jinsi kipimo kilivyo nyeti: tofauti ya gramu moja hivi ya chumvi na gramu chache za sukari kwenye lita nzima ya maji ilibadilisha hali ya wagonjwa.

Ndiyo maana hofu yangu kubwa Ruaha Mbuyuni ni chupa. Maji yanayouzwa kwa wingi kwenye madirisha ya mabasi ni ya nusu lita, na chupa tupu huokotwa na kutumika majumbani. Pakiti ya ORS iliyozoeleka ni ya lita moja. Mama anafungua pakiti nzima, anaimimina kwenye chupa ya nusu lita kwa sababu ndiyo aliyonayo, anatikisa, anampa mtoto. Maji hayo sasa yana chumvi mara mbili. Badala ya kuingia mwilini yanaweza kuvuta maji kutoka mwilini, na sodiamu ya mtoto ikapanda hadi akapata degedege. Mama amefanya alichoambiwa: amenunua dawa, amechanganya na maji safi, amempa mtoto. Hakuna aliyemwambia kuhusu chupa. Anayeuza ORS anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kupokea pesa: "Mama, nyumbani una chombo cha lita moja?" Kama hana, chupa mbili za nusu lita zinamiminwa kwenye sufuria safi, pakiti inakorogwa humo. Maji yachemshwe kwanza yapoe, ndipo dawa iwekwe. Usichemshe baada ya kuchanganya. Yakipita saa 24 yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Pakiti ikikosekana, kipimo cha nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji salama, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Hakina potasiamu, kwa hiyo mtoto aliyeanza kula apewe pia ndizi mbivu iliyopondwa. Ukikosea, ni afadhali ukosee kwenye sukari kuliko kwenye chumvi. Onja, yasizidi uchumvi wa machozi.

Kiasi: mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, aliyezidi hapo 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, haba na haba. Kunyonya kusikatishwe hata kidogo. Zinki, miligramu 20 kwa siku au 10 kwa mtoto chini ya miezi sita, itolewe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, kwani hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi inayofuata. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu ni suala jingine: mwili wake umeishiwa potasiamu na umebeba sodiamu ya ziada, hivyo hospitali humpa mchanganyiko maalumu wenye sodiamu 45 na potasiamu 40. Huyo asitibiwe nyumbani.

Mkoa wa Iringa hauna sababu ya kuwa mgeni katika mambo haya. Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha hapa mpango wa lishe katika vijiji 168. Wanakijiji walipima uzito wa watoto wao wenyewe, wakajadili matokeo wenyewe, wakaamua hatua wenyewe. Wataalamu wa lishe duniani walikuja kujifunza Iringa. Katika miaka iliyofuata Taasisi ya Chakula na Lishe ilifanya kazi nzuri juu ya uji wa kuchachusha: mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa Kitanzania waliokula uji huo walihara mara chache kuliko wenzao. Togwa ya bibi zetu ilikuwa na akili. Leo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, Iringa inaongoza nchini kwa udumavu, takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa unaolisha nchi! Sababu ni nyingi, lakini kuhara kwa mara kwa mara ni mojawapo: kila mara mtoto anapoteza potasiamu, zinki na hamu ya kula, na kabla hajarudishiwa anaugua tena.

Niseme neno kuhusu dripu, kwa kuwa tumeipenda kupita kiasi. Mtu akijisikia mnyonge anataka "awekewe maji", na wapo wanaomwekea bila kumpima chochote. Dripu ni muhimu kwa mgonjwa aliyezirai kwa kuhara au asiyeweza kumeza. Lakini utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011 chini ya Kathryn Maitland wa Kilifi, ulifuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu. Wagonjwa wa kuhara hawakuhusishwa. Waliomiminiwa maji kwa kasi kwenye mshipa walikufa zaidi: asilimia 10 na zaidi ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Maji yaleyale, chumvi ileile, kwa mtu asiyeipoteza kwa kasi hiyo, yaliua.

Dereva wa lori naye anangoja zamu yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu la damu. Dereva hapotezi jasho la maana; anakula chipsi alizozinyunyizia chumvi kabla ya kuonja, supu iliyokolea, nyama choma na chumvi ya pembeni. Figo zake zikishindwa kuitoa sodiamu yote, maji yanafuata, damu inaongezeka kwenye mishipa, presha inapanda. Kwake ule ushauri wa kawaida ni sahihi, na ningeongeza kitu ambacho hakionekani mezani: magadi. Magadi ya Ziwa Natron yanayotiwa kwenye maharage na mlenda ili vilainike ni sodiamu tupu kwa sura nyingine. Kijiko cha chai cha gramu tano kina sodiamu gramu moja na nusu hivi, na mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu mbili kwa siku. Bila shaka sufuria moja hulisha wengi, lakini juu ya magadi hutiwa chumvi, kisha kiungo cha pakiti chenye chumvi. Maji ya majivu ya kienyeji ni tofauti. Majivu ya mimea yana potasiamu zaidi kuliko sodiamu.

Potasiamu ndiyo nusu ya habari ya presha ambayo hatuisemi vya kutosha. Huisaidia figo kutoa sodiamu na hulegeza mishipa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Mwaka 2021 utafiti wa vijiji 600 vya China, wenye watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na presha, ulionyesha kwamba kubadilisha robo ya chumvi ya jikoni kuwa kloraidi ya potasiamu kulipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Sisi hatuna haja ya kungoja chumvi hiyo ifike Kilolo. Unga wa ubuyu una potasiamu zaidi ya gramu moja kwa kila gramu 100, na mibuyu iko pale pale. Maharage ya Mbeya, viazi vya Njombe, parachichi na ndizi za Rungwe, mchicha wa kando ya mfereji, nyanya za Ruaha: basi linapita katikati ya potasiamu tangu Tukuyu hadi bondeni. Shida ni kwamba mboga tunazichemsha hadi zinalegea, kisha tunamwaga maji yake, na potasiamu inaondoka nayo. Na ubuyu wa kuuzwa mara nyingi umezama kwenye sukari na rangi.

Onyo lake ni hili, na si dogo. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa kama enalapril, losartan au spironolactone, asiongeze potasiamu bila kupimwa damu, kwa sababu ikipanda inaweza kusimamisha moyo bila dalili ya kutosha ya kumtahadharisha. Anayetumia vidonge vingine vingi vya kukojoza yuko upande wa pili: anaweza kuwa anapoteza potasiamu na sodiamu kila siku bila kujua, hasa mzee anayesafiri kwenye joto.

Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vinavyonyanyuliwa hadi kwenye madirisha ya mabasi havimfai yeyote kati ya watu hawa watatu. Humo kuna kafeini na sukari nyingi. Chumvi zilizopo hazilingani na zile zinazotoka kwenye jasho wala kwenye kuhara. Soda ya kawaida ina sukari karibu mara nane ya ile iliyo kwenye ORS, na sukari hiyo ikifika utumboni kwa mtoto anayehara huvuta maji na kuzidisha kuhara. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wazazi wengi wakitumia hela yao ya mwisho kununua soda ya mtoto, kwa upendo kabisa, hatua chache kutoka dukani penye ORS.

Ningependa Halmashauri ya Kilolo na viongozi wa skimu za umwagiliaji wakubaliane jambo moja kabla ya msimu ujao wa kung'oa vitunguu. Kila kibanda kinachouza maji kando ya mashamba kiwe pia na ORS na chombo cha lita moja chenye alama, na muuzaji afundishwe na mhudumu wa afya wa kijiji kuuliza lile swali la chombo. Wenye mashamba waweke turubai la kivuli na kusimamisha kazi jua linapokuwa kali. Kwa wageni kutoka mlimani, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ina utaratibu unaoweza kufuatwa hata bila kifaa chochote: siku ya kwanza mgeni afanye asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku, hadi siku ya tano ashike mstari mzima. Malipo ya siku hizo nne za mwanzo ndiyo mazungumzo magumu, na nadhani anayenunua vitunguu kwa jumla naye anapaswa kukaa kwenye kikao hicho.